Madebe ya Mayu Nyanjige

Somanda, Bariadi
Mei 1996

Kaka yangu Maige,

Mwangaluka. Najua barua hii itakufikia jua limeshazama, maana itakaa kwanza mfukoni mwa mtu pale Lamadi, lakini mimi naiandika asubuhi na salamu ni ya anayeandika, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo. Hujambo wewe? Wifi yangu Philomena mgongo wake umepoa? Watoto wanaendeleaje, na ng'ombe, na mpunga? Huku tulisikia mvua za mwisho zimelaza mpunga wa watu wengi upande wenu, nikaomba usiwe wako. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, Jumapili nakwenda misa na kurudi na mdomo wangu ule ule. Mama mkwe wangu naye yupo, anawasalimu wote. Wewe ameniambia nikusalimie kwa adabu ya wakwe, yaani kwa mbali.

Barua yako niliipata. Swali lako lilikuwa moja tu, lori lije lini kunichukua, na mimi nikakaa kimya mpaka ukamtuma yule mchuuzi wa dagaa aje kuchungulia kama bado nipo hai. Nipo, kaka. Yule mchuuzi nilimjibu vibaya, uniombee radhi kwake. Kilichonifunga mdomo ni huyu mama. Kiwanja kimeuzwa, hilo unalijua, na mimi nina kwetu pa kurudi. Yeye anakwenda wapi? Nimelala na swali hilo na kuamka nalo tangu Kwaresima. Sasa limepata jibu, ila jibu lenyewe nimelitoa bila kukuuliza wewe. Nitalisema huko mbele. Usirukie mwisho, nakuomba. Nakujua, hata kwenye mchuzi wewe unaanza na nyama.

Unakumbuka tulipomaliza matanga ya mume wangu Constantine. Ulikuwepo. Shemeji yangu Kasmiri, kaka yake mkubwa, alisimama mbele ya wazee wao akasema nyumba nikae, mama yao akae nami kama zamani, ila ardhi ya kiwanja isichimbwe mpaka ukoo utakapokutana na kuamua. Wewe unaijua desturi yetu: anayechimba na kupanda ndiye mwenye mahali. Mjane asiye na mtoto akipanda hata mpapai mmoja, kesho atasema hapa ni pangu, mnaona mpapai wangu? Kasmiri hakulisema kwa ubaya. Mimi ndiye niliyelipokea kwa ubaya. Nikajiambia, haya, udongo wenu sitaugusa hata kwa kidole cha mguu, lakini mboga nitakula.

Nilianza na beseni la bati lililotoboka, lile ulilonipa siku ya harusi, samahani. Udongo nikaufuata mtoni, wa kichanga, nikachanganya na samadi ya zizi la jirani, nikapanda mchicha. Ukaota! Nikaokota debe la mafuta ya kula, kisha sufuria isiyo na kitako, kisha karai la mafundi waliojenga gesti ya barabarani. Nilipata nusu ya pipa la lami. Nilipata tairi la trekta kutoka kwenye uwanja wa chama cha ushirika, kwa sababu siku hizi pale hapana mwenye kuuliza kitu. Tangu serikali iruhusu soko huria, wanunuzi binafsi wamejaa mjini, kila mmoja na mizani yake na ubao wake wa bei, na ghala la ushirika limebaki la popo. Mlinzi wake alinisaidia kulibingirisha lile tairi mpaka nyumbani, tukipita watu wakitucheka njia nzima.

Walicheka sana, kaka. Jirani yangu muuza karanga aliniuliza kama nalima au nauza vyuma chakavu. Nikamwambia asubiri kiangazi. Kilipokuja kiangazi, udongo wa mbuga ukapasuka mpaka kuku wanatumbukiza miguu, ng'ombe wakaachiwa kwenye mashamba yaliyovunwa wakala kila kilicho kijani, na mboga mji mzima ikawa majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa asubuhi, nsansa jioni. Kwangu palikuwa na mchicha, bamia, nyanya chungu, na yale majani mapya wanayoyaita chainizi. Makarani wa kampuni za pamba waliopanga gesti wakawa wateja wangu. Jirani naye akaja na bakuli. Nikampa, lakini kwanza nilimuuliza kama amekuja kununua vyuma chakavu.

Sasa nikueleze kuhusu mama mwenyewe, maana wewe kwa heshima za ukwe hujakaa naye hata ukasikia sauti yake vizuri. Anaitwa Nyanjige. Mimi namwita Mayu tangu siku niliyoingia nyumba hii. Mwanzoni nilimwita hivyo kwa adabu tu, kwa kuwa mama yetu sisi alikuwa ameshatutoka na jina hilo la mama lilinikaa vibaya mdomoni. Ni mwanamke wa maneno machache na yote yana pilipili. Nilipoleta debe la kwanza hakusema kitu. Nilipoleta la sita akauliza kama nimeolewa na mwanawe au na duka la vyombo. Lakini kesho yake nilimkuta ameshika msumari na jiwe, anatoboa matundu chini ya madebe ili maji yasituame, na tangu siku hiyo kazi ikawa ya wawili.

Mwaka wa pili nilifanya kosa ambalo ni mtu wa nchi ya pamba tu anayeweza kulifanya. Wakulima walikuwa wametupa makopo ya dawa ya pamba, mazuri, yana mifuniko na vishikio, mapya kabisa. Nikayabeba kwenye tenga nikifurahi kama nimeokota ng'ombe. Nikayasuuza mara moja, nikajaza udongo, nikapanda figili, zikaota zimenona. Asubuhi moja Mayu alikuja kuchuma. Akainama juu ya kopo moja, akanusa udongo, akanusa jani. Kisha akaniambia niyang'oe majani yote, niyachome, na udongo nikaufukie mbali na kisima. Nikabisha, unanijua. Nikasema mbona majani ni ya kijani namna hii, mama, hebu tazama! Akajibu kwamba yeye hatazami, yeye ananusa, na pua yake haijawahi kudanganywa na rangi. Niling'oa huku nanung'unika. Mchana wake kuku wa jirani akadonoa mabaki, jioni akafa. Tangu hapo sikubishana tena na pua ile, na kuku nilimlipa jirani kwa mchicha wa wiki nzima.

Baada ya kosa hilo nikajenga chanja. Niliomba miti kwa mtu wa kuchoma mkaa, nikaipanga juu ya matofali hadi usawa wa kiuno, nikapandisha madebe yote juu. Watu niliwaambia ni kwa sababu ya mbuzi. Kasmiri naye alipokuja kutusalimia nilimwambia ni kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi kweli walikuwepo, lakini kaka, mbuzi hawakuwa sababu. Nitafika huko.

Kwaresima hii Kasmiri alikuja amevaa koti, nikajua pana jambo. Hakuja kwa kiburi. Mwaka jana alifiwa na mtoto wake wa mwisho, pamba yake ikaliwa na wadudu, na amekonda mpaka koti limekuwa la mtu mwingine. Alinieleza kwamba mnunuzi mmoja wa pamba kutoka Mwanza anakitaka kiwanja hiki kwa sababu kipo barabarani, ajenge ghala kabla msimu wa kununua haujafunguliwa, na kwamba ukoo umekutana na kukubali. Akasema mimi nitarudi kwetu kwa heshima, hakuna atakayewadai nyinyi ng'ombe wa mahari hata kama sikuzaa. Mama yao atakwenda kukaa kwake kijijini. Mayu alikuwa anatenga majani ya kunde pembeni yetu. Akasema sawa, mwanangu, na akaendelea na majani yake. Mimi nilikwenda jikoni nikalia na kitunguu, ili nikiulizwa niseme ni kitunguu.

Kilichoniliza si nyumba. Nikikwambia nilipenda ukuta huu nitakuwa mwongo, paa linavuja tangu harusi. Nilikuwa nauogopa ule mwendo wa Mayu kwenda kijijini. Umeshasikia mwenyewe jinsi mambo yalivyo upande wetu. Mwanamke akishazeeka na macho yakawa mekundu, akipita mahali na ndama akafa, watu wanatazamana. Macho ya Mayu ni mekundu tangu nilipomfahamu. Hapa mjini tuna hospitali karibu, tuna kanisa, tuna majirani wasiojali, na mkongwe mwenye macho mekundu ni mkongwe tu anayeumwa macho. Kijijini kwa Kasmiri mtoto alikufa mwaka jana tu, na watu bado wanatafuta wa kumbebesha. Niliogopa, kaka, na sikuwa na mtu wa kumwambia hofu yenyewe. Ndiyo maana barua yako ilikaa bila majibu.

Basi wiki iliyopita walikuja wapimaji, watu wawili wa yule mnunuzi, na utepe wao na kamba. Mimi nilikuwa sokoni na ungo wa mchicha. Chanja langu lilikuwa limekaa juu ya mstari wa mpaka, kwa hiyo wakaliondoa. Walifanya kwa ustaarabu, siwalaumu. Hawakuvunja hata debe moja. Waliyapanga yote kando ya ukuta wa upande wa pili, makubwa nyuma na madogo mbele, vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Mayu alikuwa ndani amejipumzisha na hawakutaka kumsumbua. Walipomaliza wakaondoka, na baadaye kidogo akaingia Kasmiri pamoja na mnunuzi mwenyewe, wakaketi kwenye vigoda uani kunisubiri.

Nilipofika kwenye lango niliwaona wameketi, na nikamwona Mayu anatoka ndani na kikapu chake. Kwake mgeni haondoki bila mboga, ndivyo alivyo. Aliwaamkia kwa kufuata sauti zao, akakata uani moja kwa moja, mwendo wake wa kila siku, bila fimbo, kichwa juu. Akafika penye chanja, akanyoosha mkono kuchuma. Mkono ukapita hewani. Akasogea hatua moja, akanyoosha tena. Kisha akapiga magoti, akaanza kupapasa chini, kulia na kushoto, kikapu kimeanguka.

"Kija," akaniita, "nani amechukua madebe?"

Madebe yote yalikuwa pale ukutani, juani, na mchicha wake umesimama. Mtoto wa kutambaa angeyaona. Kasmiri alimtazama mama yake, akatazama madebe, akanitazama mimi, na yule mnunuzi akaondoa kofia kichwani kama mtu aliyeingia msibani. Nilikimbia nikamwinua. Nikamwambia ni mimi niliyeyahamisha, nikasahau kumwambia. Akasema mimi ni mwongo lakini ni mwongo mzuri, akajipangusa vumbi la magoti.

Sasa ni wakati wa kukwambia ambalo sikumwambia mtu. Mayu haoni, Maige. Alianza kupoteza macho kabla Constantine hajafa, na mwaka uliofuata msiba yakafunga kabisa. Nilimpeleka hospitali hapa Somanda. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kope zake zilijikunja kwa ndani tangu ujana na zimekwaruza mboni miaka yote mpaka kovu likafunika, na kwamba wekundu ule ni wa kope na moshi wa kinyesi cha ng'ombe tunachopikia jikoni, basi, hakuna kingine. Alichobakiza ni kujua mchana na usiku. Tulipotoka pale aliniomba nisimwambie mtu, hata wanawe. Alisema mkongwe mwenye macho mekundu anaweza kuishi ikiwa anatazama watu usoni, lakini akishakuwa anakodoa tu bila kuona, watu wanasema anaona vingine. Nikaapa. Ndipo nikajenga lile chanja. Nililipandisha kiunoni ili asiiname na kuanguka, na kila debe nikalipa mahali pake pasipobadilika.

Na sikiliza hili, maana mimi mwenyewe lilinishangaza. Zile takataka zangu walizozicheka ndizo zilizomfaa. Shamba la chini ni udongo tu, mkono hauwezi kulisoma. Lakini debe lina pembe nne, karai ni duara, pipa lina mdomo mpana wenye makali, tairi lina meno, sufuria ina sikio moja. Hakuna viwili vilivyofanana. Alikuwa anapitisha vidole ukingoni na kujua hapa ni bamia, hapa ni nyanya chungu, hapa ni mgagani haujakomaa uache. Alipanda, alipalilia, alichuma, na watu walioingia uani walimwona mama mzee mwenye macho mazima anafanya kazi yake. Alikuwa na raha, kaka. Kuna siku nilimsikia anaimba.

Nirudi kwa Kasmiri. Yule mnunuzi aliaga haraka. Kasmiri akaniomba twende nyuma ya nyumba. Nilidhani atanigombeza kwa kumficha hali ya mama yake, nikawa nimeshanoa ulimi. Akaegemea ukuta, kisha akasema, "Shemeji, kwangu siwezi kumlinda." Alinieleza kwamba baada ya mtoto kufa, ndugu za mkewe walikwenda kwa mganga, na mganga akasema mkono uliotenda ni wa mwanamke mwenye macho mekundu, wa damu yao wenyewe. Hakutajwa jina, lakini wanawake wa namna hiyo katika ukoo ule si wengi. Yeye hayaamini hayo, alisema, ila hashindi nyumbani kila siku, na mkewe amelia sana, na mtu aliyelia sana husikiliza lolote. Alikuwa amekusudia kumchukua mama kwa sababu aibu ya kumwacha ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alilia, kaka. Mtu mzima, baba wa watu. Nikajisikia vibaya kwa kila neno nililowahi kumsema.

Na hapo ndipo nilipofanya lile nililokuahidi kulisema. Nilimwambia, "Nitakwenda naye kwetu." Sikufikiri. Lilitoka mdomoni kama vile lilikuwa limekaa hapo tangu Kwaresima linasubiri zamu. Kasmiri alinitazama kama nimeongea Kiarabu. Akauliza, kwa wakwe? Kwenye nyumba iliyopokea ng'ombe wetu? Nikasema ndiyo, kwa kaka yangu Maige, kule Mkula, ana nafasi na amekubali. Kaka, nimesema umekubali. Nimeitoa nyumba yako nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba iliyouzwa, na wewe huko hujui hata herufi moja. Ukikasirika una haki. Ukinipiga makofi kwa barua nitayapokea.

Usidhani sijui nimefanya nini. Mama mwenye kutoa ng'ombe kwenda kulala na kula kwa watu waliopokea ng'ombe, hilo halijaonekana. Wewe na yeye mnapaswa kupishana njia na kuangalia majani. Watu wa Mkula watasema mahari imekuja kujidai yenyewe kwa miguu. Watasema dada yake Maige alikwenda mtu mmoja, hakuzaa, na bado amerudi wawili. Hilo la mwisho ni la kuchekesha, ukilisikia ucheke nao. Na macho yake watayaona pia, sikufichi. Ila kwako nitasema wazi tangu siku ya kwanza kwamba haoni na kwamba ni ugonjwa, nitamwomba padre aje aseme, na wifi Philomena ana mdomo wa kutosha kuwanyamazisha wanawake wote kutoka kwenu hadi Lamadi. Mwambie nimesema hivyo, ni sifa.

Sitaki umjengee chochote. Chumba utakachonipa mimi kinatutosha. Chakula chake ni kidogo, na mboga hamtanunua tena maisha yenu. Wala ardhi yako hatutaichimba, tuna kila kitu cha kwetu cha kupandia, tunahitaji tu mahali penye jua karibu na mlango. Ikiwa huwezi, kaka, niambie huwezi, bila kuzunguka. Sitakununia. Nitatafuta chumba cha kupanga huku huku mjini na nitabaki naye, maana kumrudisha kule haiwezekani. Hilo ndilo lililobaki: aidha lori lichukue watu wawili, au lisije.

Mayu mwenyewe hakukubali mara moja, asije akaonekana amekimbilia. Alinisikia nikimwambia Kasmiri, masikio yake yanafanya kazi ya macho pia. Alisema niende peke yangu, nimeshafungwa na wafu wao vya kutosha, na yeye amewahi kuogopa zamani na hakufa kwa hofu. Siku nzima hatukusemezana. Asubuhi nilipoamka nilimkuta uani, anapapasa madebe pale ukutani moja moja na kuyatenga mafungu mawili. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema hili linavuja, hili limeliwa na kutu, haya hayafai safari, na lile tairi lazima liende hata kama lori litalalamika. Nikaelewa. Nikaenda kuchemsha uji.

Jana Kasmiri alirudi. Alisema hawezi kumwacha mama yake aingie kwa wakwe mikono mitupu, aibu itaua ukoo, kwa hiyo ataleta mtamba mmoja mama aende naye. Mayu akakataa palepale. Alisema, "Nikienda na ng'ombe nitakuwa mgeni, na mgeni huwa anaulizwa ataondoka lini." Mimi nilitamani wewe ungekuwepo umsikie, ungemchukua bila barua.

Haya, nimemaliza yangu. Nijibu upesi, kwani mnunuzi amesema anataka kiwanja kabla ya mwisho wa mwezi huu, na yule mchuuzi wako wa dagaa anaweza kuleta jibu, nitampa chai safari hii. Msalimie sana Philomena, na watoto, na mzee Deogratias wa kigango, na wote wanaoniulizia. Wasiouliza pia.

Nilipofika hapa nilimsomea Mayu barua yote, hata pale nilipomsema, nikamuuliza kama anakubali iende na kama ana neno lake la kuongeza. Akaniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze pilipili yangu. Nami naandika: "Mwambie mkwe wangu kwamba wale ng'ombe ni wake, sina habari nao. Mimi sifuati ng'ombe. Namfuata mtoto wangu."

Tangu mama yetu alipotutoka, Maige, hakuna aliyeniita hivyo.

Ni mimi dada yako,
Kija ng'wana Masele